Tuta la Zamani: Hotuba kwa Wakulima wa Giligilani, Lushoto

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na vijana mlioteremka tangu alfajiri, habari za asubuhi. Mwenyekiti, ahsante kwa kukubali tukutane hapa kando ya mashamba badala ya ofisini. Ninachotaka kukisema kinaonekana kwa macho, na sitaki mnisadiki kwa maneno matupu.

Hapa mezani nimeweka mafungu matatu ya giligilani. Nimeyachuma jana jioni katika mashamba ya bonde hili hili, kwa ruhusa ya wenyewe. Fungu la kwanza mnalijua, ndilo dalali analigombania. La pili litazameni vizuri: majani yana mabaka, kijani kilichoiva na kijani kilichofifia vimechanganyika kwenye jani moja, na mishipa ya jani inaonekana kama imechorwa kwa kalamu ya njano. La tatu limedumaa. Majani ya chini yamekuwa ya manjano na kingo zake zimeanza kuwa nyekundu, kama zimeungua. Haya yote yalipandwa mwezi mmoja, yakanywa maji ya mfereji mmoja. Lipitisheni kila mtu alishike.

Kabla sijaendelea, tuelewane majina, maana jina likitupotea hata ugonjwa utatupotea. Giligilani ndiyo dania ya wenzetu wa Kenya, na watu wa pwani wanaiita kotmiri. Wapo pia wanaosema kotmiri wakimaanisha ile nyingine ya majani yaliyojikunja inayopendwa na hoteli, ambayo mimi leo nitaiita paseli. Halafu kuna seleri, kuna shibiti, kuna shamari, kuna bizari nyembamba, na kuna karoti. Hizi zote ni ukoo mmoja. Zikichanua utaona: vijiua vidogo vimepangwa juu ya vijiti kama mwavuli uliofunguliwa. Mkulima anayesema "mimi nimebadilisha zao, nimetoa karoti nikapanda giligilani" hajabadilisha kitu machoni pa ugonjwa. Ametoa kaka akaingiza dada.

Nina jambo la kukiri mbele yenu. Nilipoanza kazi ya ubwana shamba nikiwa kijana, mama mmoja aliniita kwenye tuta lake la giligilani. Lilikuwa kama fungu hili la tatu. Nikatazama manjano ile, nikamwambia mbolea imepungua, ongeza Urea. Akaongeza. Wiki mbili baadaye hali ilikuwa ile ile, nikamwambia basi ni wadudu, apige dawa. Akapiga, tena zaidi ya mara moja. Akang'oa, akapanda upya pale pale kando ya tuta lake la paseli lililokuwa na umri wa zaidi ya mwaka, kwa sababu pale palikuwa karibu na maji. Giligilani ya pili ikaugua mapema kuliko ya kwanza, na ya tatu ikaugua mapema zaidi. Pesa ile ilikuwa ya ada. Mbegu haikuwa na kosa, udongo haukuwa na kosa, na mama wa watu alifanya kila nilichomwambia. Mimi ndiye niliyeangalia mmea unaougua bila kugeuza shingo kutazama mmea wa jirani yake. Tangu siku ile, nikiitwa shambani, kwanza nauliza: hapa karibu kuna nini cha ukoo huu kilicho kizee?

Sasa, virusi. Mnalijua neno hili kwa magonjwa ya binadamu. Mimea nayo ina virusi vyake, ambavyo havimdhuru mtu anayekula. Kirusi ni kitu kidogo mno, hata darubini ya kawaida ya shuleni haikioni. Hakina mdomo, hakina tumbo, hakiwezi kuzaana chenyewe. Kinaingia ndani ya chembe hai ya mmea na kuilazimisha ifanye kazi ya kutengeneza virusi wengine. Ndiyo maana hakuna dawa ya kumwagia jani ikakiua. Ukiambiwa dukani ipo, shika pesa yako. Dawa za ukungu huua ukungu. Dawa za wadudu huua wadudu. Busta inaulisha mmea, na mmea wenye kirusi ukilishwa unabaki na kirusi chake.

Na sisi watu wa Usambara tusidhani habari hizi ni ngeni kwetu. Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, aliandika kuhusu ugonjwa wa mihogo wa milima hii hii, ule tunaouita batobato. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza yanayojulikana kuhusu ugonjwa huo. Yaliandikwa miaka 4 kabla ya Martinus Beijerinck kule Uholanzi kueleza, mwaka 1898, kwamba ugonjwa wa tumbaku unaletwa na kitu kidogo kuliko bakteria, akakiita virusi. Baadaye kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule Usambara Mashariki, kilikuwa moja ya sehemu muhimu za Afrika kwa kazi hii. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, H. H. Storey, alieleza pale ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya mihogo mwaka 1936, na wenzake wakazalisha mihogo inayostahimili. Nayataja haya kwa uchungu kidogo. Muhogo ulipata Amani yake. Giligilani haijapata. Ni zao la mafungu, la akina mama, la tuta dogo kando ya mfereji, na watu wakubwa hawaliandikii mpango. Sijawahi kushika mkononi pakiti ya mbegu ya giligilani iliyoandikwa kwamba inastahimili virusi. Kwa hiyo tulichonacho ni akili zetu na umoja wetu.

Kirusi hakina miguu. Anayekibeba ni nani? Kwa magonjwa ninayoyazungumzia leo, mara nyingi ni kidukari. Wengine mnamwita mdudu mafuta. Mnamjua: mdogo kama kichwa cha pini, wa kijani au mweusi, anakaa kwa makundi chini ya jani na kwenye ncha changa, na sisimizi wanamzunguka wakilamba utamu anaoutoa. Huku kwetu ambako baridi si ya kugandisha, majike wanazaa bila dume, na wanazaa watoto hai ambao tumboni tayari wana watoto wao. Katika siku kama kumi hivi mtoto naye ni mama. Jani likijaa, wanazaliwa wenye mabawa. Hao wenye mabawa ndio wa kuogopa, hata kama ni wachache kiasi kwamba huwaoni.

Sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Kidukari mwenye mabawa akitua hajui ametua juu ya nini. Anachoma jani kwa mrija wake mwembamba, anaonja. Akionja si mmea wake, anaruka kwenda jirani, anaonja tena. Kwa virusi kama batobato ya seleri, batobato ya tango, na kile kinachoitwa kirusi Y cha Apium (Apium ni jina la kisayansi la jamii ya seleri), kuonja kule kwa sekunde chache kunatosha kukibeba, na kuonja kwingine kwa sekunde chache kunatosha kukiacha. Ni kama ncha ya sindano iliyochovywa kwenye wino. Wewe umepiga dawa asubuhi. Kidukari amekuja saa sita kutoka shamba la juu, akaonja majani matano, akaacha ugonjwa, halafu jioni akafa kwa dawa yako. Wewe ukaona amekufa, ukafurahi. Kazi yake alikwisha imaliza.

Na si pesa tu. Giligilani inaliwa mbichi. Inakatwa juu ya kachumbari, inatupiwa kwenye mchuzi wakati sufuria imekwisha epuliwa. Tuta linalopigwa dawa kila baada ya siku nne, kisha likavunwa keshokutwa kwa sababu gari la Dar es Salaam linaondoka, ni sumu tunayompelekea mtoto wa mwenzetu. Kila kibandiko cha dawa kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mtu anayepiga dawa ambayo haiwezi kuzuia ugonjwa, asiposubiri siku zile, amemdhuru mlaji bure, na amewaua wale vijidudu vyenye mgongo mwekundu na madoa meusi ambao kila siku wanawala vidukari wake bila malipo. Hili linaniuma kuliko hasara yenyewe.

Ugonjwa mwingine una tabia tofauti, nao nataka niueleze taratibu maana ni wa ajabu. Ni udumavu wa rangirangi wa karoti. Fungu langu la tatu lina dalili za namna hiyo: manjano, wekundu, kudumaa. Ulielezwa Australia miaka ya 1940, kisha Uingereza na kwingineko, na umewakuta wakulima wa giligilani na paseli kule California. Kwa muda mrefu watu waliudhania ni njaa ya mbolea, kama nilivyodhania mimi. Kumbe ndani ya mmea mmoja kuna virusi viwili vinavyosaidiana. Kimoja ni cha majani mekundu ya karoti. Hiki kina koti lake la protini, na kidukari anayependa karoti na mti wa willow wa Ulaya, Cavariella aegopodii, anakibeba vizuri. Cha pili ni cha mabaka ya karoti. Hiki hakina koti lake kabisa. Kikiwa peke yake ndani ya mmea, kidukari hawezi kukibeba hata kidogo. Lakini kikikutana na mwenzake ndani ya chembe moja, kinajivika koti la mwenzake na kusafiri nacho. Wanasayansi wamekiweka katika kundi lenye jina la Kilatini umbra, yaani kivuli, na pia mgeni asiyealikwa anayeingia nyuma ya aliyealikwa. Sisi tunalo neno letu zuri zaidi: mdoezi. Anaingia harusini ameazima kanzu ya mwalikwa.

Kwa nini nawapotezea muda na mdoezi? Kwa sababu mwenye koti hachukuliwi kwa kuonja tu. Kidukari anatakiwa anyonye muda mrefu, kwa saa kadhaa, kirusi kipite tumboni, kiingie damuni, kifike kwenye mate, na baada ya hapo anakibeba maisha yake yote. Huyu anatupa nafasi. Vidukari wakidhibitiwa mapema, hata kwa maji ya sabuni yanayowafika chini ya jani, safari inavunjika. Kwa hiyo "wadudu wale wale, dawa ile ile" si kweli. Na jina la ugonjwa halitoki kwenye rangi ya jani, linatoka maabara. Mnaponiona sitaji jina la kirusi kilicho kwenye mafungu haya, ndiyo sababu. Majani yamekwisha fungwa kwenye gazeti, si kwenye mfuko wa nailoni maana yataoza, na yatapelekwa kupimwa. Mkiwa na mmea wa mashaka, fanyeni hivyo hivyo: majani machanga yenye dalili, yakiwa bado hai, siyo yaliyokauka.

Ila kuna mambo mkulima anaweza kuyasoma mwenyewe. Ukosefu wa naitrojeni, kile chakula cha mmea kilichomo kwenye Urea, hushika tuta kwa upana, na huanzia majani ya chini ya kila mche. Kirusi kinachagua: mche huu mgonjwa, anayegusana naye mzima, halafu watatu wagonjwa pembeni upande ule upepo unakotokea. Madoa yenye maji maji yanayogeuka kahawia nyeusi, yenye pembe pembe kwa sababu yamezuiwa na mishipa ya jani, hayo ni bakteria, na ule ugonjwa kweli unakuja na mbegu na kusambazwa na matone ya maji. Udumavu wa rangirangi haupiti kwenye mbegu. Batobato ya seleri nayo haipiti kwenye mbegu. Wala haviishi kwenye udongo. Aliyechoma majani juu ya tuta ili asafishe udongo wake amejichosha.

Basi kama havitoki kwenye mbegu, wala kwenye udongo, wala kidukari wa kuonja habaki navyo hata siku nzima, vinatoka wapi msimu hadi msimu? Vinatoka kwenye mmea hai. Daima ni kwenye mmea hai. Giligilani inaishi wiki sita, saba, inang'olewa, inakwenda sokoni. Muda wake ni mfupi mno kuweza kutunza ugonjwa. Lakini paseli tunaikata, inachipua, tunaikata, inachipua. Seleri vivyo hivyo. Tuta la paseli la mwaka mzima ni ghala. Na kuna maotea, zile karoti na giligilani zilizobaki baada ya kuvuna, zinachipua zenyewe kwenye kingo za mfereji, hakuna anayezihesabu kuwa shamba. Na magugu ya ukoo huo. California wana gugu moja linaloota kando ya barabara, na ni ule mmea uliotumika kumwua Socrates kule Athens mwaka 399 K.K. Ndani yake wamekikuta kirusi Y cha Apium. Kirusi hicho kilielezwa kwanza Australia mwaka 2002, na mwaka 2008 kikaripotiwa California kwenye giligilani, seleri na paseli kwa pamoja. Ukoo mmoja, ugonjwa mmoja.

Nawapeni habari ya wenzetu hao wa California, maana wao walilia kabla yetu. Mwaka 1938 Henry Severin na Julius Freitag waliandika kwa kirefu kuhusu batobato ya seleri iliyokuwa inawamaliza wakulima kule. Walipanda seleri mfululizo, tuta bichi kando ya tuta kizee, vidukari wakivuka kutoka hili kwenda lile mwaka mzima. Kilichowaokoa hakikutoka kwenye chupa. Walikubaliana, maeneo mazima, kwamba kila mwaka kuwe na kipindi ambacho hakuna seleri shambani kwa mtu yeyote. Kirusi kile kinaishi kwenye ukoo huu tu. Kilipokosa mmea hai wa kulala, kilikatika. Na Australia Magharibi, walipoingiliwa na kirusi Y cha karoti, ushauri ulikuwa wa namna hiyo hiyo: vunja mfululizo, tenga shamba jipya mbali na la zamani.

Sitawaficha kwamba dawa hii haifai kwa kila kirusi. Batobato ya tango inaishi kwenye aina zaidi ya 1,200 za mimea, na vidukari wa aina zaidi ya 80 wanaibeba. Hiyo huwezi kuinyima mahali pa kulala, iko kwenye nyanya yako, kwenye tango, kwenye magugu. Kwa hiyo hata tukikubaliana leo, hatutaona giligilani bila baka hata moja. Tutaona pungufu, na kwa mtu anayeuza kwa fungu, pungufu hiyo ni gunia la unga.

Yako mambo mengine ya kusaidia, nitayapitia haraka. Mistari miwili ya mahindi kuzunguka tuta: kidukari mgeni anatua kwanza kwenye mahindi, anaonja, anaufuta mrija wake pale. Majani makavu juu ya udongo: kidukari anavutwa na kijani kilichozungukwa na udongo mtupu, ukifunika udongo anapotea. Beseni la njano lenye maji ya sabuni litakuonyesha siku wenye mabawa wanapofika. Jambo moja nilikuwa nalifundisha na sasa nalirekebisha. Nilikuwa nasema acheni giligilani chache zichanue, kwa kuwa maua yake yanawalisha nyigu wadogo na nzi wanaokula vidukari. Ni kweli yanawalisha. Lakini giligilani inayochanua ni giligilani kizee, na umeweka ghala la ugonjwa katikati ya tuta changa. Pandeni maua ya ukoo mwingine. Alizeti inafaa.

Nimebakiza lile lenye uzito, nalo si la mtu mmoja. Mtu akisafisha shamba lake, jirani wa juu akabaki na paseli ya miezi kumi na sita, hakuna kilichofanyika. Kidukari hajui mpaka wa shamba. Bonde hili lina mfereji mmoja, nasi tumekwisha jifunza kugawana maji kwa zamu, na asiyefuata zamu mnajua mnavyomfanya. Naomba tugawane na muda hivyo hivyo. Wiki nne kwa mwaka, zile za baridi ambapo bei yenyewe huwa imelala, pasiwe na paseli, seleri, karoti wala giligilani kuanzia chanzo cha mfereji hadi daraja. Mchicha uwepo, kabichi iwepo, maharage yawepo. Najua kuna mwenye mkataba na hoteli. Najua kuna mwenye mtoto wa kidato cha nne anayekula kutoka tuta lile. Hao ndio tuwasikilize kwanza, na kamati ipange nani aanze kupanda mapema baada ya wiki zile, ili aliyetoa zaidi arudi sokoni wa kwanza. Daftari liko kwa katibu. Kila mmoja aandike ana tuta gani la ukoo huu na lina umri gani. Umri ndio ninaoutaka hasa.

Mwenye paseli ya ng'ambo ya mfereji amenyanyua mkono tangu jana. Tuta lake lina mwaka na miezi miwili, na amesema lianze lake. Ahsante sana, baba. Tutalimwagia kwanza maji ya sabuni chini ya majani, vidukari wafe pale walipo, maana tuking'oa kwa ghafla wenye mabawa watahamia kwa jirani. Tutasubiri kidogo, halafu tutang'oa na mizizi yake, tutie kwenye magunia na tufukie kule shimoni, mbali na mfereji. Vijana, chukueni yale majembe mawili. Jua halijawa kali, twendeni sasa.